Jinsi ya kuandika historia ya nyumba ya kuishi pamoja na watu wazima wenye ulemavu wa akili, kuanzia kwa wenyewe

Kila nyumba ya aina hii inafika mahali inataka historia yake iandikwe. Labda jubilei inakaribia, labda mfadhili ameomba, au wale wazee wa mwanzo wameanza kuondoka mmoja mmoja na mtu akashtuka kwamba hakuna aliyeandika chochote. Na mara nyingi kinachotoka ni kijitabu chenye picha ya mwanzilishi kwenye kava, kurasa kibao za jinsi alivyopata wito, picha ya mgeni rasmi anakata utepe, afu mwishoni kabisa picha ya pamoja ya wakaazi wamevaa tisheti za sherehe bila hata majina yao chini. Yaani mtu amekaa hapo miaka thelathini na anaonekana kama pambo kwenye historia yake mwenyewe. Hili linaniuma sana, ndo maana nimeandika huu mwongozo kwa yeyote aliyepewa hiyo kazi, awe msaidizi, ndugu, mtu wa bodi au mwanafunzi. Njia nyingine ipo, wala haihitaji hela nyingi, inataka subira.

Ninaposema nyumba ya kuishi pamoja simaanishi hospitali, bweni la shule, wala kituo ambacho wafanyakazi wanapokezana zamu na kurudi kwao. Naongelea nyumba ambayo wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanaishi chini ya paa moja, wanapakua kutoka sufuria moja na wanagombania rimoti moja. L'Arche ndo inajulikana zaidi, ilianzia Ufaransa mwaka 1964 na leo iko kwenye nchi zaidi ya 30, huku kwetu ipo Nyahururu nchini Kenya na Busega pale Kampala. Ipo pia Camphill, iliyoanzia Uskoti mwaka 1940. Nitazitumia hizi mbili kama mifano kwa sababu historia ya L'Arche imebidi iandikwe upya kabisa, na ya Camphill ina watu ambao msimuliaji wa haraka anawaruka.

Usianze na mwanzilishi

Hii ndo hatua ya kwanza na ndo watu wanaipinga zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Simulizi ya L'Arche ilivyosimuliwa kwa miaka mingi ni hii: mwezi Agosti 1964 Jean Vanier, Mkanada aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini na baadaye mwalimu wa falsafa, alinunua kanyumba kachakavu kwenye kijiji cha Trosly-Breuil, kaskazini mwa Paris, akawachukua wanaume wawili, Raphaël Simi na Philippe Seux, kutoka kwenye taasisi walikokuwa wamewekwa baada ya kufiwa na wazazi, wakaanza kuishi pamoja. Nyumba zikaongezeka, mwaka 1969 ikafunguliwa Daybreak karibu na Toronto, mwaka 1970 Bangalore kule India, miaka ya sabini hiyohiyo ikafika Bouaké, Ivory Coast. Vanier akawa mtu wa kusifiwa dunia nzima, mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Templeton, akafariki Mei 2019.

Sasa angalia kilichokuwa kimeachwa. Siku zile za kwanza kulikuwa na mtu wa tatu, Dany, ambaye hakuweza kukaa na akarudishwa alikotoka karibu mara moja. Kwenye masimulizi mafupi anapotea kabisa, kwa sababu simulizi nzuri inataka waliokaa. Na nyuma ya Vanier alikuwepo padre Thomas Philippe, Mdominiko, ambaye Kanisa lilikuwa limemhukumu mwaka 1956 kwa mambo aliyowafanyia wanawake chini ya kivuli cha sala, na Vanier alikuwa mfuasi wake tangu miaka ya hamsini mwanzoni. Februari 2020 L'Arche yenyewe ikatangaza matokeo ya uchunguzi iliouagiza kwa watu wa nje: Vanier aliwanyanyasa kingono wanawake watu wazima wasio na ulemavu, sita walikuwa wametoa ushahidi. Januari 2023 tume ya watafiti wa fani mbalimbali, historia, sosholojia, saikiatria, teolojia, ikatoa ripoti ya karibu kurasa 900, idadi ya wanawake ikafika 25, matukio ya kuanzia 1952 hadi 2019. Wenye ulemavu wa akili hawakuonekana miongoni mwa waathirika waliotambuliwa. Ila kilichotikisika hapo si sifa ya mtu mmoja tu, ile hadithi yenyewe ya mwanzo ilitikisika, maana tume ilionyesha kwamba wafuasi wa yule padre kurudi kukusanyika karibu naye kulikuwa sehemu ya sababu za kuanzisha ile nyumba.

Fikiria wewe ndo uliandika kijitabu cha jubilei na nusu yake ni maisha ya huyo mtu. Kinabaki nini? Lakini kama uliandika Philippe Seux alikuwa anapenda kuongea nini mezani, nani alikuwa anaamka kuwasha jiko, bustani ililimwa na nani, wangapi walikuja na wangapi wakaondoka, hivyo vyote vinabaki vilevile kwa sababu vilitokea kweli na viliwahusu watu wenyewe.

Camphill nayo ina somo lake, la namna tofauti. Daktari Karl König na wenzake walikuwa wakimbizi kutoka Vienna, walikimbia Wanazi baada ya 1938, wakafika karibu na Aberdeen. Jengo lililowapa jina, Camphill, walihamia tarehe 1 Juni 1940. Sasa siku hiyo König hakuwepo, wanaume walikuwa wameshakamatwa na Waingereza na kuwekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Waliohamisha vitu, waliosafisha vyumba, waliowapeleka watoto wenye ulemavu waliokuwa wanawalea walikuwa wanawake, Tilla König, mke wa Karl, na wenzake. Ukisoma sentensi moja tu ya "ilianzishwa na Dkt. Karl König" hao wanawake huwaoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari, ukurasa wa kwanza kabisa andika majina ya wakaazi wote waliowahi kuishi hapo, hata aliyekaa wiki moja, hata aliyefariki, hata aliyetoroka. Ukurasa wa pili wapishi, walinzi, wasaidizi, wafua nguo, majirani waliokuwa wanaleta mboga. Mwanzilishi mwandike pia, ila kwenye orodha hiyohiyo, asipewe ukurasa wake. Hiyo orodha ndo uti wa mgongo wa kazi nzima na utakuwa unairudia kila siku.

Omba ruhusa, na uiombe vizuri

Watu wengi wanadhani ukishapata sahihi ya kaka yake au ya mkurugenzi umemaliza. Hujamaliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 12, unamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine na unataka apewe msaada wa kuamua, si kuamuliwa. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi za mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu zinahesabika nyeti. Ulemavu wa mtu, dawa anazotumia, kifafa chake, hivyo si vitu vya kumwaga kwenye kijitabu kwa sababu tu unavijua.

Namna ya kuomba: nenda na kitu cha kushika mkononi. Kijitabu cha nyumba nyingine, picha iliyoprintiwa, simu yenye sauti iliyorekodiwa. Mwambie, nataka kuweka picha yako kwenye kitabu kama hiki, watu wa nje wataiona, unataka? Afu usichukue jibu la siku hiyo pekee. Rudi kesho kutwa uulize tena, mahali pengine, mtu mwingine akiwepo, na uulize kwa kugeuza maneno. Watu wengi waliokulia kwenye kuamrishwa wamezoea kusema ndiyo kwa kila mtu anayeonekana mkubwa, kwa hiyo ndiyo moja haitoshi. Na ujue hapana inakujaje kwa yule asiyeongea: anageuza uso, anasukuma picha, anaondoka, anaanza kujing'ata mkono. Hiyo ni hapana kamili, iandike na uiheshimu, hata kama picha yake ndo nzuri kuliko zote.

Ndugu waulize pia, hasa kwa waliofariki, lakini waulize kama mashahidi wa historia na siyo kama wenye mali.

Kukaa na watu na kusikiliza

Kabla hujawasha rekoda kuna jambo la adabu. Huku kwetu mtu mzima mwenye ulemavu wa akili anaitwa mtoto mpaka anapata mvi. "Watoto wetu wamekula?" na mtoto mwenyewe ana miaka hamsini na mbili. Msaidizi wa miaka ishirini anampita mezani bila shikamoo. Wewe mwenye kuandika historia yake ukianza hivyo umeshaharibu, maana mtu aliyewekwa kwenye utoto haulizwi kuhusu zamani, anaulizwa kama ameshiba. Msalimie kama unavyomsalimia mtu wa umri wake. Shikamoo shangazi, shikamoo mzee, habari za asubuhi kaka. Wapo ambao watakuangalia kwa mshangao mara ya kwanza, na wapo watakaoitikia marahaba kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwao.

Swali la "ulikuja hapa mwaka gani" achana nalo. Tarehe ziko kwenye karatasi, usimtese mtu nazo. Tumia vitu vinavyoshikika na mahali. Kwenye nyumba niliyokuwa nasaidia tulikuwa na shangazi mmoja ambaye kila aliyemuuliza habari za mwanzo alipata kimya tu, na kwenye faili lake mtu alikuwa ameandika hana kumbukumbu. Siku moja tukatoa stoo sufuria kuukuu, lile kubwa lenye masizi lililopondeka upande mmoja, tukaliweka tu pale barazani. Akaliona, akalichukua, akatoka nalo mpaka nyuma ya banda la kuku, akaliweka chini kwenye majani, akaonyesha kwa mikono mawe matatu, hapa, hapa na hapa. Jiko la kwanza lilikuwa pale, sisi tulikuwa hatujui. Afu akataja jina la mwanaume, akarudia, akafanya kama mtu aliyebeba ndoo begani. Lile jina halikuwepo kwenye ripoti yoyote. Tulikuja kulikuta kwenye kikaratasi cha malipo ya vibarua, maji, kila siku ndoo kadhaa, sahihi ni alama ya kidole gumba. Mtu huyo aliwabebea maji kabla mabomba hayajafika na aliyebaki na jina lake ni shangazi peke yake, yule asiye na kumbukumbu.

Kwa hiyo tembea nao. Zungukeni kiwanja, ingieni vyumba vya zamani, kaeni jikoni ukiwa unachambua mchele naye, si ofisini mezani mmekaa mnatazamana. Dakika ishirini zinatosha, ukiona anachoka acha. Peleka picha chache, tatu nne, ukimwaga albamu nzima anachanganyikiwa.

Kwa kupanga miaka tumia matukio ambayo nyumba nzima iliyasikia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999. Kwa Wakenya, vurugu za baada ya uchaguzi mwishoni mwa 2007. Papa Francis alipokuja Kenya na Uganda Novemba 2015, kwa nyumba za Kikatoliki hilo hawalisahau. Kipindi cha Corona wageni walipokatazwa. Na yale ya ndani: kabla umeme haujaja, yule mbwa mweusi alipokuwepo, mama fulani alipokuwa bado anapika. Unauliza, choo kipya kilikuwepo ulipokuja? Hapo utapata mwaka wako bila kumtesa mtu.

Usimwekee jibu mdomoni. Ukiuliza "ulifurahi ulipokuja hapa, eh?" umeshajijibu. Uliza "ulipokuja ilikuwaje", na kama inabidi umpe la kuchagua, mpe mawili, siku nyingine yageuze, lililokuwa la pili liwe la kwanza, uone kama atachagua lilelile au anachukua tu la mwisho kusikia.

Kwa wasioongea kabisa kazi ipo na inawezekana. Kaa na mtu anayemjua siku zote, mwonyeshe picha, mwekee wimbo wa zamani wa nyumba, mpeleke mahali, na andika ULICHOKIONA. "Alishika picha ya fulani muda mrefu, akaigusa na paji la uso." Hapo ishia. Usiandike alimkumbuka kwa huzuni, maana hiyo ni huzuni yako. Msomaji ana akili, ataona mwenyewe.

Na rekodi sauti hata kama ni vicheko na kelele tu. Andika mwanzoni mwa rekodi kwa mdomo wako, leo tarehe fulani, niko na fulani na fulani, mahali fulani, la sivyo baada ya miaka mitano hutajua ni nani anacheka.

Karatasi na picha

Hapa nitaenda haraka. Tafuta daftari la zamu za usiku, kitabu cha wageni, risiti za soko, karatasi za malipo, barua za ndugu, kalenda za ukutani ambazo watu wameandikia, muhtasari wa vikao vya bodi. Risiti za soko zinasema ukweli kuliko ripoti za wafadhili, zinakuambia mwaka gani nyumba ilikula maharage mwezi mzima.

Picha andika nyuma kwa penseli laini, kamwe usitumie biro, inapenya. Usibandike kwa gundi wala selotepu. Skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, na kama huna skana simu nzuri nje mchana penye kivuli inatosha. Faili liite kwa mwaka kwanza afu mahali afu majina, usiache IMG sijui nini. Weka kopi tatu, moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi inayokaa jengo lingine, moja mtandaoni yenye neno la siri. Makaratasi yenyewe yawekwe juu, mbali na sakafu, mchwa na unyevu havisamehi.

Mafaili binafsi ya watu ni habari nyingine. Hayo usiyachimbe kama unavyochimba muhtasari wa vikao. Faili ni la mtu, mkae naye, mfungue pamoja, umsomee kilichoandikwa kumhusu kwa lugha anayoielewa, afu yeye aseme kipi kitoke nje. Utakuta humo maneno ya zamani ya kuumiza, taahira, punguani, yalikuwa yanaandikwa hata kwenye barua rasmi. Ukilazimika kunukuu nukuu kwa alama za kunukuu na useme ni nani aliandika na lini, lakini kwenye sentensi zako mwenyewe usiyatumie.

Weka nyumba yako kwenye wakati wake, na mahali pake

Ukisoma historia za Ulaya na Marekani utaona hizi nyumba zilikuwa jibu kwa mahospitali na mataasisi makubwa ya kufungia watu. Uingereza kulikuwa na kashfa ya unyanyasaji wa wagonjwa Ely Hospital pale Cardiff, ripoti yake ikatoka 1969. Marekani kulikuwa na Willowbrook, New York, maelfu ya watu wamerundikwa, mwaka 1972 televisheni ikaonyesha watu walivyokaa uchi kwenye vyumba vichafu, mpaka 1987 ndo ikafungwa. Mtu aliyetoka huko akaingia kwenye nyumba yenye meza moja, unaelewa uzito wake.

Tatizo ni kwamba watu wa huku wanakopi hiyo sababu na kuibandika kwenye nyumba yao. Uliza kwanza. Mtu wako alitoka wapi? Hapa wengi utakuta walitoka nyumbani, hawakutoka kwenye taasisi yoyote. Alikuwa na mama aliyemlea miaka yote, mama akafariki, shemeji hakumtaka, akahamahama kwa ndugu, mwisho paroko au balozi wa nyumba kumi akasema kuna mahali. Au alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu ya aibu. Au alikuwa anaishi vizuri tu kijijini, anachunga mbuzi, kila mtu anamjua, na kuletwa kwenye nyumba kulimtoa kwenye maisha aliyoyapenda. Hiyo ya mwisho watu hawapendi kuiandika, na lazima iandikwe ikiwa ndo iliyotokea.

Mambo mazito

Yapo kila mahali. Mtu aliyepigwa, msaidizi aliyefukuzwa usiku, kifo ambacho kingezuilika, hela zilizopotea, mkaazi aliyerudishwa kwao kwa sababu "alishindikana". Hili la mwisho ndo la akina Dany, na kila nyumba inao. Waandike. Jina kama wametoa ruhusa, au mwaka tu na sababu waliyopewa kama huwezi kuwapata.

Ila tofautisha mambo mawili. La kwanza, jambo la zamani ambalo limeshashughulikiwa na linajulikana: hilo unalieleza kwa upole na ukweli, bila kulifunika. La pili, mtu anakuambia sasa hivi, katikati ya mazungumzo ya picha, kwamba kuna mtu alimfanyia au anamfanyia kitu kibaya. Hapo kazi ya historia inasimama palepale. Msikilize, mwambie umemwamini, usimhoji hoji kama polisi maana utavuruga ushahidi, andika maneno yake yaleyale, hakikisha yuko salama na yule mtu hamfikii, na upeleke kwa anayehusika na kuwalinda wakaazi dhidi ya unyanyasaji pamoja na mamlaka, ustawi wa jamii, polisi. Kama anayetajwa ndo mkubwa wa nyumba usipeleke kwake wala kwa rafiki yake, peleka nje. Jambo la namna hiyo halisubiri jubilei ipite.

L'Arche walichofanya vizuri hapo ni kuwaita watu wa nje na kukubali kilichopatikana kitangazwe kwa jina, kikiwa na aibu yake yote, ingawa wanawake walikuwa wameumia miaka mingi kabla ya siku hiyo. Nyumba ndogo haina uwezo wa kuunda tume ya watafiti, lakini inaweza kumwomba mtu mmoja asiye na undugu na uongozi asome rasimu yote na kuuliza maswali magumu.

Na pesa. Kwenye nyumba hizi suala la nani analipwa ni moto siku zote, kwa sababu msaidizi anaishi humo, anakula humo, je ni mfanyakazi au ni mwanafamilia? Botton, kijiji cha Camphill huko North Yorkshire kilichoanzishwa 1955 kwa ajili ya watu wazima, kiligombana vibaya miaka ya 2010 kwa jambo hilohilo, taasisi inayokisimamia ikataka wasaidizi wawe waajiriwa wa kawaida, baadhi ya familia na wakaazi wakaona huo ndo mwisho wa kuishi pamoja, wakafikishana mpaka mahakamani. Pande zote zilikuwa na hoja. Andika nyumba yako ilikuwa inalipa nini, ikalipa nini baadaye, nani aliondoka kwa sababu ya hela, na mkaazi anayefuma vikapu vya kuuza anapata shilingi ngapi mkononi. Hiyo ni historia kuliko hotuba za ufunguzi.

Kuandika sasa

Panga sura kwa watu na kwa maisha. Usipange kwa wakurugenzi. Sura ya jikoni, ya shamba, ya misiba, ya safari, ya waliokuja na kuondoka. Wakurugenzi watajitokeza humo ndani wanapohusika.

Ukimaliza rasimu pitia vitenzi vyote. Utajikuta umeandika aliletwa, aliwekwa, alihamishwa, alifundishwa, alisaidiwa, ukurasa mzima. Kila penye kitenzi cha kufanyiwa jiulize kama kuna alichofanya mwenyewe. Alikataa chakula siku tatu. Alichagua kitanda cha dirishani. Alimfundisha msaidizi mpya kuwasha jeneta. Mtu anayefanya vitu anaonekana, na ukimtafuta utampata. Pale alipofanyiwa kweli, acha, ila taja aliyemfanyia.

Maneno yao yaache yalivyo. Kama mzee alisema "mimi nyumba, mimi funguo, mimi", usimgeuzie iwe "najivunia kuwa na nyumba yangu." Maelezo kidogo pembeni yanatosha, kwamba mwaka huo alipewa funguo ya mlango wa mbele kwa mara ya kwanza.

Toa matoleo mawili kwa pamoja, usingoje hela zingine. Moja kamili, na moja ya picha kubwa, sentensi fupi, herufi kubwa, jambo moja kila ukurasa. Afu rekodi ya sauti, isomwe na watu wa nyumba wenyewe, iwekwe kwenye simu au memori kadi ya redio ili hata asiyeona au asiyesoma aipate.

Kabla ya kuchapa soma rasimu kwa sauti mezani, baada ya chakula cha jioni, sura moja moja, siku moja moja. Watakukatiza. Mmoja atasema hapana, mwingine atasema jina uliloliruka, mwingine ataondoka wakati wa sura ya misiba na hapo utajua lazima uizungumze naye peke yake. Sahihisha palepale kwa kalamu nyekundu waone unasahihisha. Mtu akibadili mawazo akasema picha yake itoke, itoe, hata kama kiwanda cha uchapaji kimeshapiga simu.

Kikishatoka, kopi za kwanza ni za wakaazi, kila mmoja yake na jina lake limeandikwa ndani, ikae chumbani kwake na siyo kwenye kabati la ofisi. Zinazofuata ni za wapishi, walinzi na familia za waliofariki, afu bodi na wafadhili. Moja peleka maktaba iliyo karibu, moja kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo au ya shirika lenu. Rekodi zote, hata ambazo hukuzitumia, zifungie pamoja na fomu za ruhusa, na kwenye boksi andika nani anaruhusiwa kulifungua na lini mtakaa tena kuongeza waliokuja baada ya kitabu kufungwa.